WALIULIZWA, WAKAJIBU, WAKAPIGWA

Wandugu wafanyakazi wa mashimo na wa viwanda, ninyi wakaaji wa komini zote, na ninyi mama wa soko,

Kuna neno linalotembea katika muji, na wenye kulisema wanalisema kwa sauti ya watu wa akili nyingi. Wanasema: muangalie Guinea. Mwaka 1958 Wafaransa waliwauliza watu wa Guinea kama wanataka kubaki ao kutoka. Wakajibu Hapana. Walipata nini? Walipata giza, na njaa, na kambi ya kufungia watu. Majirani wao waliojibu Ndiyo walikula wakashiba. Basi mutu mweusi akiulizwa juu ya uhuru wake, heri aangalie kwanza uso wa mwenye kuuliza, ndipo afungue mudomo.

Kisha watu wale wale, kwa mudomo ule ule, wanatuambia kama Katanga ilichagua kujitenga mwaka 1960, na kama tungeacha uchaguzi ule usimame leo tungekuwa mbali. Neno hili la pili tutalifikia. Tuanze na la kwanza, na tulijibu kwa tarehe na hesabu, kwa sababu uwongo unaovaa koti na tai hauondoki kwa matusi.

KARATASI MOJA, MAULIZO MAWILI

General de Gaulle alirudi katika utawala wa Ufaransa mwezi wa Juni 1958 juu ya vita ya Algeria. Alitaka Katiba mpya, na ndani yake makoloni ya Afrika yangetiwa katika kitu walichokiita Jumuiya. Tarehe 28 Septemba 1958 watu wa Ufaransa na watu wa makoloni walipashwa kujibu siku moja, kwa karatasi moja. Lakini kwa mutu wa Paris ile kura ilikuwa kura ya Katiba tu. Kwa mutu wa Conakry, wa Dakar ao wa Niamey ilikuwa jambo lingine kabisa: Ndiyo, unabaki ndani; Hapana, unatoka, na unatoka sasa hivi. Mufaransa aliyesema Hapana alirudi nyumbani kwake akakula chakula cha jioni. Mwafrika aliyesema Hapana alitazamiwa kupoteza daktari, mwalimu na bei ya ndizi zake. Walioiita kura hii kura ya usawa walikuwa wanacheka.

Mwezi wa Agosti de Gaulle alizunguka katika Afrika. Tarehe 24 alikuwa Brazzaville, ng'ambo ya muto tu, na wandugu zetu wa Léopoldville walisikia maneno yake: kama anayetaka uhuru ataweza kuupata kwa kura yake. Wabelgiji hawakupenda habari ile ivuke, lakini muto hauna mulango. Siku mbili kisha, tarehe 26 Agosti 1958, Wakongomani wa Léopoldville, pamoja nao Lumumba, Ileo na Adoula, waliweka sahihi chini ya barua kwa Waziri Pétillon, wakalalamika kama Kongo inapangiwa mambo yake bila Mukongomani hata mumoja katika mukutano wa kupanga. Mwezi wa Oktoba chama cha MNC kilizaliwa. Basi anayesema kama Guinea ni habari ya watu wa mbali hakufwata njia ambayo neno uhuru lilipita ili lifike katika kambi zetu.

Tarehe 25 Agosti de Gaulle alifika Conakry. Sékou Touré alisimama mbele yake akasema kama watu wake wanapenda umasikini pamoja na uhuru kuliko utajiri ndani ya utumwa. De Gaulle akajibu kama Guinea inaweza kuchukua uhuru wake tarehe 28 Septemba kwa kusema Hapana, na Ufaransa haitazuia. Lakini Ufaransa itafwata matokeo yake. Musikilize vizuri neno hili la mwisho, kwa sababu kisasi chote kilikaa ndani yake, kimekunjwa vizuri kama kisu ndani ya kitambaa. Wote waliokuwa pale walilisikia. Wakapiga kura wakilijua.

JUU YA NINI GUINEA, NA SI WENGINE?

Wenye kutuhubiri wanasema kama lilikuwa jambo la kiburi cha mutu mumoja. Si kweli, na wafanyakazi wanapashwa kujua juu ya nini si kweli.

Sékou Touré alikuwa karani wa posta, na nguvu yake ilitoka katika sendika. Mwaka 1953 wafanyakazi wa Guinea walifanya mugomo wa siku 73. Ufaransa ilikuwa imetoa sheria ya kazi ya makoloni mwaka 1952, sheria iliyopunguza saa za kazi, na wafanyakazi walitaka mushahara wa kila saa upande kwa 20 kwa mia, ili kupunguza saa kusiwapunguzie chakula. Siku 73 bila mushahara! Ninyi munaojua siku tano za mwisho wa mwezi zinavyokuwa nyumbani, mufikiri siku 73. Watu wa vijiji waliwaletea muchele na mihogo. Wakashinda. Watu waliopita katika mugomo ule walikwisha kujua kama tajiri anaposema hawezi kulipa, mara nyingi anaweza.

Hapa kwetu tulijaribu mbele yao. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma katika Elisabethville juu ya mushahara, na tarehe 9 walipigwa risasi katika uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina lao, aliuawa. Mugomo wa Conakry ulipata pesa, wetu ulipata makaburi, na kisha kuko watu wanaoshangaa kama Guinea ilikuwa na moyo wa kusema Hapana na sisi tulijifunza kusema kwa sauti ya chini.

Kuko sababu ya pili, na hiyo husemwa mara chache. Mwisho wa mwaka 1957 serikali ya chama cha PDG ilikuwa imeondoa masultani wa kantoni, wale waliowekwa na Wafaransa kukusanya kodi na watu wa kazi ya nguvu. Basi siku ya kura hakukuwa na sultani wa kusimama karibu na kisanduku na kuwaambia watu wa kijiji karatasi gani ni ya kutupa chini. Hivi ndivyo Hapana ilivyoweza kutoka hata katika vijiji vya mbali.

Muangalie Niger. Kule pia Djibo Bakary na chama chake cha Sawaba walisema Hapana. Lakini Niger ilikuwa na masultani wake kamili, na gavana mupya aliletwa mwezi mumoja mbele ya kura, na nguvu yote ya Leta ikaenda upande wa Ndiyo. Ndiyo ikashinda. Serikali ya Bakary ikaanguka, na mwaka uliofwata chama chake kikakatazwa. Hawa hawakupata hata uhuru wa kuadhibiwa nao. Wenye kuhubiri hawataji Niger kamwe, kwa sababu Niger inaonyesha kama kisasi hakikungoja Hapana ishinde. Kilikuja kwa yeyote aliyeisema.

Na kiburi cha mutu mumoja? Hata mwanzo wa mwezi wa Septemba Sékou Touré alikuwa bado anapima maneno yake na kutafuta mapatano na Paris. Waliokuwa wamekata shauri zamani ni vijana, wanafunzi, watu wa sendika na wanawake wa soko. Chama kilikata shauri la Hapana tarehe 14 Septemba tu, wiki mbili mbele ya kura. Kiongozi alikuwa nyuma ya watu wake, akakimbia awafikie.

Tarehe 28 waliotia Hapana walipita milioni moja. Waliotia Ndiyo hawakufika 60,000. Hiyo ni kadiri ya 95 kwa mia. Tarehe 2 Oktoba 1958 Guinea ilikuwa inchi yenye kujitawala.

KISASI CHENYEWE

Siku iliyofwata kura, mujumbe wa Paris alifika na barua: Guinea imejitenga, musaada wa pesa umekwisha, watumishi Wafaransa watahamishwa. Katika wiki chache waliondoka kwa maelfu, makarani, waganga, waalimu, mafundi. Waliondoka na vyombo vya ofisi. Simu ziling'olewa. Karatasi za serikali zilichomwa ao zilipandishwa melini. Mufikiri ninyi wa viwanda: usiku mumoja wainjinia wote wanaondoka, na wanachukua pamoja nao michoro ya mitambo, na asubuhi wanasimama ng'ambo wanacheka na kusema, tazama, hawajui kuendesha.

Guinea iliandika barua za urafiki. Iliomba itambuliwe, iliomba hata kubaki katika franka ya Ufaransa. Paris ilichelewa kujibu. Marekani, inchi inayopenda sana kuimba juu ya uhuru, ilingoja karibu mwezi muzima kuitambua, isimukasirishe de Gaulle. Ghana ya Nkrumah ndiyo iliyonyosha mukono na ahadi ya mukopo wa paundi milioni 10. Mwezi wa Desemba 1958 Guinea iliingia katika Umoja wa Mataifa. Ufaransa haikuinua mukono kusema ndiyo.

Kisha pesa. Tarehe 1 Machi 1960 Guinea ilitoa franka yake yenyewe. Watu wa kazi ya siri ya Ufaransa wakachapa noti za uwongo za franka ile na kuzitapanya katika inchi, ili pesa ya Guinea ife sokoni. Hii si hadithi ya walevi. Maurice Robert, aliyekuwa mukubwa wa kazi ile ya siri kwa upande wa Afrika, alikubali mwenyewe miaka mingi kisha. Noti za uwongo! Muchuuzi wa samaki anayepokea noti ya uwongo hajui siasa ya de Gaulle. Anajua tu kama samaki wake wamekwenda na mukononi kumebaki karatasi.

Sasa musikie jambo ambalo mutu wa mashimo atalielewa mbele ya mwingine yeyote. Waliondoa waalimu. Waliondoa waganga. Je, waliondoa watu wa bauxite? Kule Fria kulikuwa kunajengwa kiwanda kikubwa cha kugeuza bauxite, na ndani yake kulikuwa pesa ya Pechiney ya Ufaransa pamoja na Wamarekani na wengine. Kiwanda hakikung'olewa kama simu. Kilimalizwa, na mwaka 1960 kilianza kazi. Guinea ilikuwa imetenda zambi kubwa hata hakuna mwalimu wa kuifundisha watoto, lakini udongo wake ulikuwa haujatenda zambi. Wenye kutuambia kama Ufaransa ilikasirika kwa moyo, kama mume aliyeachwa, watuelezee hasira hii iliyojua vizuri hivi kutofautisha shule na mugodi.

Na wale waliosema Ndiyo? Hapa ndipo hubiri lote linapoanguka. Mwezi wa Juni 1960 Paris ilibadilisha Katiba yake ile ile, ikaandika kama inchi inaweza kujitawala bila kutoka katika Jumuiya. Mwaka huo huo makoloni yaliyosema Ndiyo yalipata uhuru, moja kisha ya lingine: Senegal, Côte d'Ivoire, Niger, Dahomey, Kongo ya Brazzaville, na mengine. Hayakunyang'anywa simu. Yaani jambo ambalo katika Oktoba 1958 lilikuwa kosa la kulipiwa kwa giza, mwaka 1960 lilikuwa sikukuu yenye bendera na waziri wa kigeni anayetabasamu. Kosa la Guinea halikuwa kutaka uhuru. Kosa lake lilikuwa kuuchukua kwa kura yake siku aliyoitaja mwenye kuuliza, badala ya kungoja upewe pamoja na mikataba ya kuweka sahihi.

Mutu akikuuliza, ukajibu, akakupiga, usiseme kama jibu limekupiga.

HESABU YA SÉKOU TOURÉ

Tusifiche upande mwingine. Gazeti linaloficha upande mwingine linawafundisha wasomaji kulisoma kwa jicho moja.

Camp Boiro ilikuwako. Diallo Telli, aliyeketi kiti cha kwanza cha katibu mukuu wa Umoja wa Afrika, alikufa mule mwaka 1977 kwa kunyimwa chakula na maji. Wengi walikufa hivyo hivyo, na walionyongwa mbele ya watu mwaka 1971 walinyongwa kama watu wa kupinga inchi. Kila mara neno lilikuwa moja: maadui wa inje wanatutafuta. Ubaya ni kama mara nyingine neno lilikuwa kweli. Noti za uwongo zilikuwa kweli. Mwezi wa Novemba 1970 Wareno walishambulia Conakry kwa meli, na hiyo ilikuwa kweli. Kisha kila karani aliyenung'unika, kila mwalimu aliyedai mushahara, alipewa jina la muntu wa Wareno ao wa Wafaransa.

Kisasi cha Paris kilimupa Sékou Touré fimbo. Aliyeipiga ni yeye. Tunasema mambo haya mawili pamoja, na hatukubali mutu atuondolee moja. Wanaotaja Camp Boiro na kunyamaza juu ya noti za uwongo ni watu wa upande wa noti. Wanaotaja noti na kunyamaza juu ya Camp Boiro wanatuandalia Boiro nyingine.

Na mama wa soko? Wale waliosukuma Hapana mwaka 1958, wale walioleta muchele kwa wagomaji mwaka 1953? Tarehe 27 Agosti 1977 wanawake wa soko la Conakry walichoka na polisi ya kukamata biashara, wakatoka sokoni wakaenda kwa nyumba ya rais kumuambia. Aliyewaita mashujaa wake akawakuta mbele yake wamekasirika. Kisha ya hapo ilimupasa kulegeza sheria zake za biashara. Watu hao hawakujuta Hapana yao. Waliendelea tu kusema hapana kwa yeyote aliyewakalia shingoni, na ngozi yake ikiwa ya rangi gani haikuwahusu.

KURA WALIYOIACHA

Kuko na watu watasema haya yote ni ya zamani. Tuwapeleke Kaledonia Mpya, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, inchi ya nikeli, ambayo Ufaransa inaitawala tangu 1853. Watu wa kwanza wa kisiwa, Wakanaki, ni kadiri ya 41 kwa mia. Kwa mapatano ya Nouméa ya mwaka 1998 waliahidiwa kura tatu juu ya uhuru. Kura ya kwanza, Novemba 2018: Hapana kwa uhuru 56 kwa mia na zaidi kidogo. Ya pili, Oktoba 2020: Hapana 53. Mutu anayejua kuhesabu anaona mahali ambapo njia ilikuwa inakwenda.

Ya tatu iliwekwa tarehe 12 Desemba 2021. Tangu mwezi wa Septemba ugonjwa wa Covid ulikuwa umeua watu zaidi ya 250 katika kisiwa kile kidogo, na Wakanaki walikuwa katika matanga. Waliomba kura isogezwe mbele. Wale wanaojua kilio kwetu, siku na mwezi na mwaka wake, hawatauliza juu ya nini. Paris ikakataa. Basi Wakanaki wakakaa nyumbani. Hapana ikapata 96 kwa mia ya waliokwenda, na waliokwenda hawakufika hata 44 kwa mia ya walioandikwa. Wakaiita ushindi.

Mwezi wa Mei 2024 Paris ilitaka kufungua liste ya wapiga kura kwa watu waliofika kisiwani kisha, na moto ukawaka. Watu zaidi ya kumi walikufa, na viongozi walipandishwa ndege hata gereza za Ufaransa, kama vile Leta ya Wabelgiji ilivyopenda kumuhamisha mutu kutoka kwao na kumutupa katika kijiji ambapo hajui luga. Sheria ile ikaachwa mwaka huo huo, yaani iliwezekana kuachwa tangu mwanzo.

Mwaka huo huo kiwanda cha nikeli cha kaskazini, kule kwenye Wakanaki wengi, kilizimwa, na wafanyakazi kadiri ya 1,200 wakarudishwa nyumbani. Hatusemi kilizimwa juu ya kura. Bei ya nikeli ilikuwa imeanguka na kiwanda kilikuwa kinakula pesa miaka mingi. Tunasema tu kama Glencore, iliyotoka katika kiwanda kile, ndiyo iliyokuwa mwaka ule yenye Kamoto na Mutanda kule Kolwezi. Watu wa Kolwezi, mufahamu kama muna majirani musiowajua.

NA SISI?

Sasa neno la pili, lile la Katanga iliyochagua.

Kongo haikuulizwa kamwe kwa kura kama inataka uhuru. Uhuru wetu ulisemwa katika mukutano wa Bruxelles, Januari na Februari 1960, kisha ya damu ya Léopoldville ya tarehe 4 Januari 1959. Hatulalamiki juu ya hilo. Jibu la watu lilikuwa katika barabara, na hata Mufalme Baudouin alilisikia. Mwezi wa Mei 1960 tulichagua wajumbe. Katika baraza la provinsi ya Katanga kulikuwa viti 60, na Conakat ilipata 25. Ishirini na tano kati ya sitini! Kwa sheria, baraza halikuweza kuchagua serikali bila wajumbe wawili kati ya watatu kuketi, na watu wa Balubakat walikataa kuketi. Basi katika mwezi wa Juni bunge la Bruxelles, wiki mbili tu mbele ya uhuru wetu, lilibadilisha sheria ili nusu watoshe. Hivyo Tshombe alipata serikali yake. Wanaotuambia leo kama Katanga ilichagua, huu ndio uchaguzi wanaoutaja, na hata huu haukuwa juu ya kujitenga.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 kisha ya uhuru, Tshombe alitangaza katika redio kama Katanga imejitenga. Askari wa Ubelgiji walikuwa tayari katika muji tangu siku moja mbele. Union Minière ikalipa kodi zake kwa serikali ya Elisabethville badala ya Léopoldville. Maofisa Wabelgiji na askari wa kulipwa wakaongoza jeshi jipya. Je, wafanyakazi wa Kipushi waliulizwa? Wa Jadotville? Wa Kolwezi? Mama aliyeuza mihogo katika komini ya Albert aliletewa karatasi gani ya kuchagua? Watu wa kaskazini, wa Manono na Kabalo, walijibu bila kuulizwa, wakakataa, na vijiji vyao vikachomwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikaa kambini ukingoni mwa Elisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu katika nyumba zao wenyewe hawakuweza kulala. Lumumba aliletwa katika muji huu tarehe 17 Januari 1961, na usiku ule aliuawa. Guinea, ile Guinea masikini iliyonyang'anywa simu, ilikuwa imetuma askari wake Kongo pamoja na Umoja wa Mataifa. Mambo ya kujitenga yalikwisha mwezi wa Januari 1963.

Basi tuwapange pamoja. Ufaransa iliuliza Guinea, haikupenda jibu, ikapiga. Ufaransa iliuliza Kaledonia Mpya mara ya tatu wakati wa matanga, ili isikie jibu inalolipenda. Ubelgiji haikuuliza Katanga kitu, halafu ikatuma askari kulinda jibu. Na hapa katika muji wetu kuko watu wanaoogopa kura ya kweli ya Guinea, iliyohesabiwa, na wanaipenda kura ya Katanga ambayo hakuna aliyeipiga.

Hatumukatazi mutu kuwaza juu ya provinsi yake. Pesa ya shaba inatoka hapa, barabara ni mbovu hapa, malipo ya uzee ya watu wa Gécamines yalichelewa hapa, na mutu mwenye kulalamika juu ya hayo si adui wa inchi. Alalamike kwa nguvu, nasi tutaandika malalamiko yake katika gazeti hili. Lakini akitaka kusema kwa jina la baba zetu waliokuwa katika kambi mwaka 1960, kwanza atuletee liste ya waliopiga kura siku ile, na jina la aliyefunga kisanduku, na hesabu ya Kipushi, na hesabu ya Manono. Guinea ilitoa hesabu yake. Tunangoja ya Katanga.